Mitasbihi ya Mama Mdogo

Mama Mdogo Mwanaidi alizikwa Mohoro siku mbili kabla sijafika. Lori lililonichukua kutoka Dar es Salaam lilikwama kwenye tope karibu na Nyamwage, na mtu wa umri wangu hashuki kusukuma lori, hata kama kwenye begi lake kuna vyeti vitatu na barua ya shukrani ya serikali. Nilipoingia nyumbani kwake walinipisha chumbani peke yangu. Kitanda cha kamba kilikuwa kimeegemezwa ukutani, godoro la sufi limeanikwa uani, na harufu ya udi bado imo kwenye mapazia. Siku ya hitima wakaniomba niseme maneno mawili, kwa sababu katika ukoo wetu hakuna aliyesoma kunizidi, na mimi sikatai kusema. Nikasema vizuri. Nilieleza ukarimu wake, swala zake, mkono wake mwepesi wa kupika, mpaka watu wazima wakafuta macho. Jambo moja sikulisema, na tangu siku ile limenikaa kifuani. Kwa kuwa kalamu ndiyo iliyonifikisha nilipofika, naona ni haki kalamu hiyo hiyo ilitoe.

Habari za baba na mama nitaziacha. Inatosha kujua kwamba mwaka ule vita vya Maji Maji vilipoanza mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa nimerudi Rufiji miezi michache tu. Nilitoka Kibiti mtoto, nikaenda kusoma shule ya serikali huko pwani ya kaskazini, bila mjomba wa kunisemea wala tajiri wa kunisomesha. Nikarudi na cheti chenye muhuri wa tai. Kijiji kizima kiliombwa kinyooshe shingo kukitazama, na aliyeomba ni mimi. Nilijua kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kizungu, hesabu, kidogo cha Kidachi, na kidogo cha kilimo, kwa maana shule ilikuwa na bustani na sisi tuliipalilia. Akida wa Mohoro aliposikia, akaniahidi ukarani kwenye ghala la pamba. Nikahamia kwa Mama Mdogo, mdogo wake mama, aliyekuwa ameolewa na Shamte, mtu wa maneno machache, mkulima wa mpunga bondeni. Yeye nilimwita Baba Mdogo. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Wakanipa chumba cha mbele, chenye dirisha, na Mama Mdogo akawaambia majirani kwamba sasa nyumba yake ina msomi. Bi Fatu wa jirani akimwona ananitilia maji ya kuoga alikuwa akipaza sauti kutoka upande wa pili wa ua: "Mwanaidi, umwogeshe na umfute, Mdachi wako mweusi asije akachujuka!" Mama Mdogo alicheka mpaka kata ikamponyoka.

Kitu cha kwanza mtu alichokiona uani kwao ni mitasbihi. Ilikuwa imepangwa safu mbili nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yalipotokea, kwa sababu mmea ule hunywa kama ng'ombe. Majani yake mapana kama ya mgomba mchanga, mengine yana rangi ya zambarau pembeni, na maua yake mekundu, laini, yanayokunjika ukiyagusa. Ua likianguka huacha tunda la kijani lenye miiba isiyochoma, na tunda likikauka hupasuka na kutoa mbegu nyeusi, za mviringo, ngumu ajabu. Mwaka kwa mwaka mmea hukatwa, hulala, na mvua ikinyesha huchipua tena kutoka chini. Kwa mbegu hizo Mama Mdogo alitunga tasbihi ambazo watu walizifuata kutoka Utete mpaka visiwa vya delta. Kazi yenyewe ilihitaji kujua siku. Mbegu ikiwa nyeupe, sindano inaipasua. Ikishakuwa nyeusi kabisa, sindano inakatika. Alikuwa akilifungua tunda kwa kucha, akiangalia rangi, na siku mbegu inapokuwa na rangi ya kahawa changa, ndipo anapoitoboa. Nimefundisha miaka thelathini na minne, nimekagua shule katika majimbo matatu, na sijaona mtu mwenye jicho la namna ile.

Lakini matunda ya kwanza ya kila mtasbihi hakuyatoboa. Hiyo ilikuwa desturi ya mama yake na ya bibi yake huko kwenye vilima vya Umatumbi. Mbegu za tunda la kwanza zilikuwa fungu la udongo. Ziliachwa zikauke mpaka ziwe kama changarawe, zikatiwa kwenye chupa, zikangoja mvua. Watu wengine wote walipanda mtasbihi kwa kuvunja kipande cha mzizi na kukifukia, kazi ya dakika moja. Yeye alipanda mizizi pia, lakini kila mwaka alipanda na mbegu. Alasiri alikaa kwenye mkeka na jiwe la kunolea visu, akaisugua kila mbegu upande mmoja mpaka doa jeupe litokee, huku midomo yake ikisoma kitu kimya kimya. Nilimwuliza ni dawa ya nini. Akasema, "Namfungulia mlango, mwanangu. Yumo ndani, hawezi kutoka." Nikatabasamu kama mtu aliyesoma anavyotabasamu. Kwenye bustani ya shule tulipanda maharage na mahindi na wala hatukuyasugua.

Vita vilipokuja, kwetu vilikuja kwanza kama maneno ya wakati wa chakula. Tulikuwa tukila uani, wali wa mpunga mpya na kambale wa kukausha aliyepikwa kwa nazi, au ugali wa mtama na matembele siku nyingine, na Baba Mdogo alieleza yale aliyoyasikia shambani. Kwamba watu wa vilima wameng'oa pamba. Kwamba wanagawiwa maji, na mtu akiyanywa risasi ya Mdachi haimpati. Kwamba mganga aliyeyaanzisha amenyongwa papa hapa Mohoro, na bado maji yanagawiwa. Mama Mdogo alikuwa na ndugu zake huko vilimani, kwa hiyo alikuwa anasikiliza mkono ukiwa umesimama juu ya sahani. "Na wewe, umeyanywa?" akamwuliza mumewe siku moja. Baba Mdogo akajibu, "Mimi nimekunywa ya mto miaka arobaini, na kiboko bado ananikimbiza." Tulicheka, lakini si sana. Waliokunywa maji walivaa shingoni punje za mtama au mahindi, na askari walipoona mbegu yoyote kwenye uzi walisimama kuitazama. Serikali ilikuwa imeamuru bunduki zote zipelekwe ngomeni kwa akida. Gobore la Baba Mdogo, alilofukuzia nguruwe kwenye mpunga, lilikuwa limezama mtoni mtumbwi ulipopinduka wakati wa mafuriko. Alikwenda kulieleza hivyo, wakaandika, na hakuna aliyeonyesha kwamba anamwamini.

Sasa naingia pale ninapoona haya. Ilikuwa baada ya swala ya Ijumaa, kwenye baraza ya duka, na mimi nimevaa kanzu iliyopigwa pasi na tasbihi ya Mama Mdogo mkononi. Walikuwapo wazee wanne, mwenye duka, na askari mmoja mrefu, mgeni, aliyekuwa anasubiri kushonewa mkanda. Askari akaiangalia tasbihi. "Hizo ni nini? Ni za maji?" Mzee mmoja akajibu haraka kwamba ni mtasbihi tu, ua la kawaida. Jambo lingeishia pale. Lakini mimi sikuwa nimesoma miaka minane ili mzee asiyejua herufi ajibu swali mbele yangu. Nikasema, "Mnaliona ua, hamjui mengine. Mwalimu wetu wa Kidachi alitwambia kwamba kuna nchi za mbali watu hutia mbegu hizi kwenye bunduki badala ya risasi. Zinaua ndege, zinaua hata mtu." Wazee wakasema, "Loo! Elimu hii!" Nikanogewa. Nikaongeza kwamba nyumbani kwetu zimo chupa nzima, nyeusi, ngumu, hazijatobolewa. Askari akaitazama tena tasbihi. Alichukua mkanda wake akaenda zake. Mimi nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia.

Walikuja asubuhi ya pili yake, sita, na yule mrefu akiwa mbele. Walipekua chumba changu kwa adabu kidogo kwa sababu ya vitabu, na chumba cha wenyewe bila adabu yoyote. Wakaitoa chupa kwenye sanduku. Yule mrefu akamimina mbegu kwenye kiganja, akazichezesha, akasema, "Risasi hizi hapa. Gobore liko wapi, mzee?" Baba Mdogo akasema, "Liko mtoni." Wakamfunga mikono kwa kamba ya mnazi. Mama Mdogo alitoka jikoni na unga mikononi akishika mlango, akirudia tu, "Ni maua hayo, wanangu. Ni maua." Walipokwisha kuondoka, aligeuka akaniambia, "Kuna mtu kasema. Mtu hawezi kujua chupa iliyo ndani ya sanduku langu ila kaambiwa. Mwenyezi Mungu amsamehe huyo, mimi siwezi." Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nikaingia chumbani kupanga vitabu vyangu.

Bwana Mkubwa wa Kidachi alikuwa vilimani na jeshi lake, na mahabusu walikuwa chini ya akida. Tulikwenda kwake, mimi na Mama Mdogo. Akida hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na wakati ule hofu ilimfanya kila mtu awe mgumu. Aliketi na chupa mbele yake. Mama Mdogo akamweleza kuhusu matunda ya kwanza na fungu la udongo. Akida akatikisa kichwa. "Bi Mwanaidi, usinifanye mtoto. Mtasbihi hupandwa kwa mzizi. Mimi mwenyewe ninao nyumbani, mbegu zinaanguka chini mwaka wa sita huu, sijaona hata moja iliyoota. Hakuna mtu anayeweka mbegu za mtasbihi kwa kupanda. Basi unaziwekea nini?" Mama Mdogo akasema, "Zinaota, bwana akida. Kwa Mungu zinaota." Akida akasema, "Bwana akirudi ataniuliza, nami nitampa nini? Kiapo cha mke? Watu wananyongwa kwa kidogo kuliko hiki."

Hapo nikasimama. Nikasema mimi nimesomea kilimo, ninacho cheti, na kama akida ataruhusu nitaziotesha mbegu hizo hapo hapo mbele ya ngome, kwenye chungu kinacholindwa, asije mtu akasema tumezibadilisha. Zikiota, imethibitika kuwa ni za kupanda. Akida akanihesabia mbegu kutoka kwenye chupa, akasema, "Haya, msomi. Mpaka Bwana atakaporudi." Mama Mdogo alinishika mkono kwa mikono yake miwili tulipokuwa tukitoka. Alidhani nimewaokoa. Kwa jinsi nilivyokuwa, na mimi nilidhani hivyo.

Nikafanya kama tulivyofanya shuleni. Nilipata udongo mweusi wa mtoni, nikauchekecha, nikauchanganya na samadi, nikazipanda mbegu kumi na mbili, kina cha kiungo kimoja cha kidole, nikamwagilia asubuhi na jioni. Askari wa lindo walinidhihaki. "Karani, umepanda risasi, utavuna mizinga!" Siku ya tatu hakuna kitu. Siku ya sita hakuna. Mama Mdogo alikuwa akipeleka chakula kila adhuhuri, uji na samaki, na alikuwa akimwona mumewe kwa mbali tu kupitia uwazi wa lango, amekaa kwenye kivuli cha ukuta na wenzake. Akirudi aliniuliza, "Bado?" nami nikajibu, "Udongo wa huku ni baridi." Siku ya kumi habari zikafika kwamba jeshi linashuka na mwezi mwandamo Bwana atakuwa Mohoro. Nilikwenda kwenye chungu nikafukua mbegu moja. Ilikuwa vile vile kama nilivyoifukia, nyeusi, inang'aa, kavu kama jiwe lililotolewa mfukoni.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama Mdogo akipepeta mchele. Alinitazama usoni, akaweka ungo chini. "Ulizisugua?" akauliza. Nikauangalia ungo. "Mwanangu, ulikuwa unaniona kila alasiri. Ulizisugua au hukuzisugua?" Nikasema sikuzisugua. Nilingoja anipige, na ningeshukuru. Yeye akaingia ndani, akatoka na lile jiwe, akanikalisha mkekani. Alikuwa na mbegu tatu zilizobaki kwenye ufa wa sanduku. Akaniwekea moja kati ya vidole na kunishika mkono, kama nilivyokuja baadaye kuwashika mikono watoto wa darasa la kwanza mara elfu. "Taratibu. Si hapo, hapo ndipo kilipo kitovu chake, utamuua. Upande huu. Ukiona weupe, acha. Kisha maji ya vuguvugu, siku mbili, mpaka inenepe." Vidole vyangu vilichubuka. Nilisugua mpaka nikajua, na siwezi kusema kwamba nimepata kufundishwa jambo lolote vizuri zaidi, Tanga au Tabora au popote.

Kisha nikaenda kwa akida, peke yangu. Nilimwambia kwamba zile mbegu hazitaota, kwamba kosa ni langu, kwamba mama yangu mdogo ndiye anayejua na mimi sijui, na kwamba naomba mbegu nyingine kutoka kwenye chupa yake nizisugue mbele ya macho yake. Akacheka kwanza, bila furaha. "Si wewe uliyesomea kilimo?" Nikasema nilijitapa. Nilipokwisha kulisema hilo la kwanza, la pili likatoka lenyewe. Nilimwambia yale niliyoyasema barazani, na kwamba sikuwahi kuona bunduki iliyotiwa mtasbihi, wala mwalimu wangu sidhani kama aliwahi kuiona. Yule askari mrefu alikuwa amesimama mlangoni, anasikia. Akida aligongagonga chupa kwa kidole. "Mtu wa namna hiyo," alisema mwishoni, "siwezi kumweka kwenye ghala la serikali. Unaelewa?" Nikasema naelewa. Akafungua chupa akanimiminia mbegu kumi na mbili.

Nilizisugua pale pale, akida akitazama, na nilipoifikia ya tano aliichukua mkononi akaigeuza kuelekea mwanga. Siku mbili za maji ya vuguvugu, na zilinenepa. Nikazifukia. Sikulala nyumbani siku zile. Nililala kwenye ukumbi wa msikiti kwa sababu ulikuwa karibu na ngome. Siku ya saba baada ya kuzifukia, wakati wa dhuha, ufa mdogo ulitokea kwenye udongo. Niliufukua kwa ncha ya kucha. Mzizi mweupe ulikuwa umechungulia kutoka kwenye lile doa nililolisugua, kama jino la kwanza la mtoto. Nilipiga ukelele, walinzi wakaja mbio na bunduki. Siku ya tisa kulikuwa na majani manne ya kijani, yamejikunja kama karatasi, na akida akatoka kuyatazama bila viatu. Aliinama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya kujisemea, "Miaka sita nazikanyaga." Aliandika mwenyewe waraka wa kumfungua Baba Mdogo, kabla mwezi haujaandama, ili Bwana akirudi asimkute. Wengine waliobaki kwenye kivuli cha ukuta ule hawakuwa na mtu wa kuwaoteshea kitu.

Baba Mdogo alirudi nyumbani saa ya chakula, amekonda, ndevu zimemjaa, alama za kamba bado ziko kwenye vifundo vya mikono. Mama Mdogo alimwogesha kwanza. Nilisikia maji tu, na jinsi alivyokuwa anavuta kamasi. Baba Mdogo alipotoka bafuni aliketi kwenye mkeka, nami nikakaa pembeni. Mama Mdogo alipokwenda jikoni kupakua, Baba Mdogo aliniambia bila kunitazama, "Yule askari mrefu kanieleza yote. Ya barazani." Nilikuwa nimejiandaa kwa neno lolote, isipokuwa lililofuata. Alisema, "Mama yako mdogo hajui. Basi asijue. Ana wewe tu." Nikataka kusema kitu, akainua mkono kidogo, akanizuia.

Mama Mdogo akaja na sinia, ugali wa mtama na perege wa kuchemsha kwa ndimu, samaki mmoja mkubwa aliyempata kwa taabu katika siku zile za njaa. Kichwa cha samaki kwa desturi yetu ni cha mwenye nyumba. Baba Mdogo alikivunja akakiweka upande wangu wa sinia, kisha akaendelea kula. Nilikitazama. Nilikuwa nimebeba tonge mkononi, na machozi yalikuwa yanaanza kunishuka mbele yao wote wawili. Mama Mdogo akaacha kula. "Vipi, mwanangu? Mbona huli?"

"Kakwamwa na mwiba," akasema Baba Mdogo.

Haraka Mama Mdogo akakata pande la ugali, akalifinyanga katika kiganja mpaka likawa mviringo, akaniwekea kinywani kwa mkono wake mwenyewe. "Usitafune," akasema. "Meza tu, utashuka." Nikameza.